Mwezi wa Kilwa na Sikio la Mtoto

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, watu wa Kilwa Kisiwani hutoka nje wakaelekeza nyuso upande wa machweo. Wazee hukinga macho kwa viganja. Watoto hupanda juu ya ngalawa zilizovutwa pwani ili waone mbali zaidi. Aghalabu anayepaza sauti kwanza kwamba mwezi umeandama ni mtoto, kwa kuwa macho yake bado hayajachoka. Hapo wazee humhoji: umeuona wapi, ulikuwa juu ya nini, ulikuwa umelalaje? Mtoto hulazimika kueleza, na katika kueleza hujikuta akisema kuwa mwezi ulikuwa kama kitu fulani. Akishasema hivyo, amekwisha kuvuka kizingiti cha ushairi bila ya mtu kumfundisha.

Nimeifikiria jioni hiyo mara nyingi tangu nilipostaafu kazi ya ualimu. Tunasikia kila siku kwamba watoto wa siku hizi hawapendi mashairi, na sisi walimu tumekuwa wepesi wa kuzilaumu simu na televisheni. Nadhani fungu kubwa la lawama ni letu. Historia ya pwani hii inaonesha kuwa mtoto wa Kiswahili alijifunza ushairi kwa kusikia na kuiga, muda mrefu kabla ya kuambiwa ahesabu mizani. Tulipoigeuza taratibu hiyo, tukaitanguliza hesabu na kulichelewesha sikio, ndipo mlango ulipoanza kufungwa. Makala haya yanaichukua Kilwa na mwezi wake kuwa mfano wa jinsi mlango huo ulivyokuwa wazi zamani, jinsi ulivyorudishwa, na jinsi unavyoweza kufunguliwa tena.

Mji uliozoea vina

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sifa ya ukarimu wake ilikuwa imeenea. Ni katika karne hiyo ya 14 ambapo Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa kuba zake, na jumba la Husuni Kubwa likajengwa juu ya mwinuko unaotazama bahari. Habari hizo zimeandikwa sana. Jambo ambalo wapenzi wa ushairi hawalisemi vya kutosha ni kwamba mji huo ulikuwa na vina hata katika fedha zake.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba. Upande mmoja wa sarafu ulichorwa jina la sultani na baba yake. Upande wa pili ulichorwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, nayo yakachaguliwa kwa namna ambayo mwisho wake unaoana kwa sauti na mwisho wa jina lililo upande wa kwanza. Kwa maneno mengine, sarafu ilikuwa na vipande viwili vyenye kina kimoja, na aliyetaka kukisikia kina hicho alipaswa kuigeuza mkononi. Lugha yake ni Kiarabu, na sarafu yenyewe ni ndogo. Mtaalamu Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na wenzake waliozisoma sarafu hizi kabla na baada yake, wametuachia maelezo ya kutosha juu yake. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sisemi kwamba ukwapi na utao wetu umezaliwa na sarafu. Ninachosema ni chepesi zaidi: katika mji huu, kina hakikuwa mali ya wanazuoni peke yao waliokaa na vitabu. Kilikuwa kikipita mikononi mwa watu waliokuwa wakinunua mtama na samaki. Mtoto aliyetumwa sokoni alibeba kina katika kiganja chake. Ninapowaonesha watoto wa leo picha ya sarafu hiyo na kuwaambia kuwa pande zake mbili "zinaitikiana", hawahitaji maelezo ya ziada kuhusu maana ya kina. Wanaelewa kuwa ni sauti inayokwenda na kurudi.

Mwezi si pambo

Katika vitabu vingi vya watoto, mwezi huchorwa ukiwa umesimama wima, umepinda kama herufi C, na pengine umewekewa pua na tabasamu. Huo si mwezi wa Kilwa. Kilwa iko takriban digrii 9 kusini ya ikweta, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi wetu mchanga aghalabu hulala chali, pembe zake mbili zikitazama juu, mfano wa ngalawa iliyotulia majini. Nimewahi kuwaomba watoto wauchore mwezi mchanga, nao wakauchora umesimama, kwa sababu ndivyo walivyouona kitabuni. Kisha tukatoka nje jioni. Mmoja akacheka, akasema kitabu kimeuangusha mwezi. Hapo nikajua kuwa somo la ushairi limeanza.

Mwezi wa pwani ni kalenda. Waswahili wamehesabu miezi yao kuanzia mwezi unaoandama baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mtoto aliyeulizwa Maulidi yako lini alijibu kuwa yako Mfungo Sita, na jibu lake lilikuwa juu angani, si ukutani.

Tena mwezi ni saa ya bahari. Unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Hapo miamba hubaki wazi, na akina mama huteremka kuchokoa pweza. Mwezi unapokuwa nusu, maji ni mafu, na kupwa kwake hakufiki mbali. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa muda wa kama dakika 50, na maji nayo huchelewa vivyo hivyo. Mtoto wa kisiwani anayajua hayo kabla ya kujua kusoma saa, kwa kuwa anamfuata mama yake mwambani.

Halafu liko jambo la dagaa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na leo taa za betri na za nguvu ya jua. Taa hiyo huwavuta samaki pale tu usiku unapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka bahari nzima, taa haina kazi tena. Vyombo hukaa pwani siku kadhaa, na wavuvi hushona nyavu. Kwa hiyo mwezi mpevu, ambao katika vitabu ni mfano wa uzuri na furaha, katika nyumba ya mvuvi wa dagaa ni msimu wa mfuko mtupu. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu litarudi mbele, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Chuoni na uwanjani

Sasa tutazame jinsi mtoto alivyopata lugha ya kuusema mwezi huo. Kulikuwa na milango miwili: chuo na uwanja.

Chuoni, yaani madrasa, mtoto alikaa jamvini na ubao wake, akafuatisha sauti ya mwalimu. Sauti ilitangulia maana kwa miaka. Alijifunza kuvuta panapovutwa, kusimama panaposimamwa, na kulitambua kosa kwa sikio kabla ya kuweza kulieleza. Ulipofika Mfungo Sita, alisikia Maulidi na kasida, ambamo Mtume hufananishwa na mwezi mpevu unaoondoa giza. Hivyo mfano wa kwanza wa mwezi ambao mtoto aliuhifadhi ulimjia ukiwa na lahani, dufu na harufu ya udi. Hakuulizwa dhamira ni nini. Aliitikia pamoja na wenzake, naye akawa ndani ya shairi.

Uwanjani, usiku wa mbalamwezi ulikuwa ruhusa ya kucheza. Watoto waliimba nyimbo za michezo za kupokezana, mmoja akianza na kundi likiitikia. Bibi alikaa barazani akatega vitendawili. Tuangalie vizuri: nyimbo za kupokezana ni kibwagizo kabla ya kuitwa kibwagizo, na kitendawili ni sitiari kabla ya kuitwa sitiari. Aliyekosa jibu la kitendawili alitoa mji, na aliyejibu alipewa nafasi ya kutega chake. Kanuni hiyo ya pili ina hekima kubwa: kusikia kulikuwa na deni la kutunga. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki msikilizaji daima.

Kutoka katika malezi ya namna hii ndipo walipotoka watunzi wetu wa kale. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858; mama alipotaka kumwachia mwanawe mambo yasiyosahaulika, aliyapa mizani na vina kwa kuwa alijua sikio la binti huyo limezoea. Katika mwambao wetu wa kusini, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1957 kwa juhudi za W. H. Whiteley. Watunzi hao wawili walifuata arudhi bila ya kushika kitabu cha Kiswahili cha kanuni za ushairi, kwa sababu kitabu hicho kilikuwa bado hakijaandikwa. Kanuni zilikuwa katika sikio. Waliiga waliyoyasikia, kisha wakaweka ndani yake waliyoyaona wao.

Hapo ndipo ilipo siri ya kuiga. Neno hili limepata sifa mbaya katika elimu ya leo, kana kwamba kuiga ni kuiba. Kwa wazee wetu kuiga kulikuwa sawa na mwanagenzi kukaa karibu na fundi wa jahazi: unaiga mkono wa fundi, lakini jahazi utakalounda litabeba shehena yako.

Kanuni zinaingia darasani

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo. Kurasa zake za mashairi ziliwakutanisha watunzi wa bara na pwani waliokuwa hawajaonana kwa macho. Ushairi ukaanza kusomwa kimya, peke yako, mbali na mtunzi na sauti yake. Ni faida kubwa, na bila ya hiyo tusingekuwa na hazina tuliyonayo. Lakini msomaji asiyekulia katika vina hana budi kuelezwa kanuni kwa maandishi, maana hana bibi wa kumsahihisha barazani.

Haja hiyo ilitimizwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kazi hiyo ilikuwa tunu. Ilifafanua vina, mizani, mishororo na beti kwa lugha iliyo wazi, na ikaandikwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa malenga. Ilikusudiwa kumwongoza mtu aliyekwisha kuupenda ushairi na anayetaka kuutunga vizuri. Kosa halikuwa lake. Lilitokea pale sisi wa baadaye tulipozichukua sheria zile tukazifanya somo la kwanza la mtoto ambaye hajausikia ushairi hata mara moja.

Mimi ni mtoto wa zama za ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, Kiswahili kilishika nafasi yake katika shule za msingi, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikaingia shuleni kama mvua za masika. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulizikariri, tukapanga mistari uwanjani, tukajibizana mbele ya wageni. Nashuhudia kuwa ngonjera zilitupa kitu kisicho na bei: sikio. Hata leo nikisikia mshororo wenye mizani kumi na tano, mwili wangu unajua kabla ya akili. Lakini ngonjera hazikutuomba tuseme tulichokiona sisi. Maneno yalitoka juu, nasi tulikuwa midomo. Tuliusifu ukulima bora na kuulaani unyonyaji, na usiku tulicheza chini ya mbalamwezi ambayo haikupata mshororo hata mmoja.

Kisha likaja pambano la miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na wanamapokeo na wanamabadiliko wakagawanyika juu ya swali la vina na mizani kuwa uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili. Mashabiki wa ushairi tunayajua malumbano yale. Nikiyarudia sasa kwa macho ya mwalimu, naona kwamba yalikuwa malumbano ya watu wazima. Pande zote mbili zilikuwa zimeshalelewa na sikio. Hata waliovivunja vina walijua wanavunja nini. Hakuna upande uliouliza kwa dhati mtoto wa miaka minane aanzie wapi.

Wino mwekundu

Nami sikuuliza. Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kanuni ambayo kila mwalimu anaijua: anza na linalojulikana, uende kwa lisilojulikana. Niliiandika katika daftari, nikaijibu katika mtihani, nikafaulu. Miaka michache baadaye, katika shule niliyokuwa nikifundisha, niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza zoezi la kutunga shairi la tarbia lenye anwani "Uzuri wa Mwezi". Niliandika ubaoni kanuni zote: mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Sikuwasomea shairi hata moja.

Madaftari yalipokuja, mengi yalikuwa na dhahabu, lulu, malkia wa anga na taa ya dunia. Mizani ilikuwa sawa au karibu na sawa, nami nikatoa alama. Daftari moja lilikuwa la mtoto aliyetoka katika kijiji cha wavuvi. Aliandika mshororo mmoja tu, akashindwa kuendelea:

Mwezi mkubwa ukiwaka, baba yumo nyumbani.

Nikahesabu. Kipande cha kwanza tisa, cha pili saba. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu neno "guni", na chini yake nikaongeza kuwa mshororo huu hausemi chochote juu ya uzuri wa mwezi. Nikampa sifuri. Hakuuliza kitu, na sikumbuki kuwa alitunga tena darasani kwangu.

Ilinichukua miaka mingi, na usiku mmoja pwani ya Kilwa, kuelewa nilichokuwa nimekisoma. Vyombo vya dagaa vilikuwa vimelala mchangani chini ya mwezi mpevu. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini hawakwenda baharini usiku mzuri kama ule. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni, akanijibu kwamba uzuri wa usiku ule ulikuwa wangu. Ndipo mshororo wa yule mtoto uliponirudia mzima, na kila neno lake likakaa mahali pake. Darasa zima liliniandikia mwezi wa vitabuni, naye peke yake akaniandikia mwezi aliouona. Alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote katika ushairi, yaani kukiona kitu chenyewe nyuma ya sifa zake, na mimi nikamtoza kwa silabi moja iliyovuka mpaka. Jumla ya mizani yake ilikuwa kumi na sita barabara. Palipokosewa ni pale pa kukatia pumzi tu, na hilo ni jambo ambalo sikio lingelisahihisha kwa siku mbili kama ningelipa sikio nafasi.

Njia ya kurudi

Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa mara kwa mara na watoto wadogo wa kisiwani, kwa idhini ya wazazi wao, tukijaribu kuirudia njia ya wazee kwa mpango. Naieleza hapa ili walimu na malenga waipime.

Kwanza, sikio. Kwa siku kadhaa hatuandiki. Mtu mzima anaghani, watoto wanaitikia kibwagizo. Shairi likighaniwa vizuri mara tano, mtoto hulimeza bila ya kutafuna. Wachina wamelijua hili tangu zamani. Mshairi wao Li Bai, aliyeishi karne ya 8, ana shairi fupi juu ya mwangaza wa mwezi mbele ya kitanda, lenye mishororo minne ya herufi tano tano, na watoto wa China hulihifadhi hata kabla ya kuanza shule. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa kwa wingi Kilwa. Hiyo ni bidhaa iliyotufikia kwa merikebu. Desturi ya kumpa mtoto shairi moja zuri la mwezi la kukaa nalo maisha yote tulikuwa nayo wenyewe, kwa hiyo haituhitaji merikebu kuirudisha.

Pili, jicho. Tunatoka nje jioni baada ya jioni, tangu mwezi mchanga hadi mwezi mpevu. Kila mtoto anatakiwa kusema mwezi wa leo ni kama nini, kwa sharti moja: kitu hicho kiwe kimewahi kushikwa na mikono yake. Sharti hilo linaziondoa lulu na dhahabu kwa mara moja.

Tatu, kuiga. Nawapa kipande kimoja cha mizani nane, nao wanakijibu kwa kipande cha pili. Kipande changu ni hiki: "Mwezi u mwembamba kama..." Naghani, nanyamaza. Majibu waliyonipa ni mengi, na haya ni matatu kati yake: "ukucha wa dada yangu", "ganda la ndizi jaani", "ngalawa ya baba yangu". Msomaji akihesabu ataona yote yana nane. Sikuwaambia nane. Kipande cha kwanza kiliwaambia.

Kenneth Koch, mshairi wa Marekani, alifanya jambo lililo karibu na hili katika shule moja ya msingi mjini New York mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1970 na 1973. Alikuwa akiwasomea watoto mashairi ya wakubwa, kisha akiwapa wazo la kuiga. Yeye aliwaepusha na vina, akihofia kuwa mtoto ataitupa fikra yake ili apate kina. Hofu hiyo ni ya haki kwa Kiingereza, ambacho kina uhaba wa maneno yanayolingana miishio. Kiswahili hakina uhaba huo. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, na mtoto hutoa vina akiwa anacheza. Kwa hiyo hatuna sababu ya kumnyima vina. Tunachopaswa ni kumwacha avipate kwa masikio kabla ya kumdai kwa kalamu.

Nne, na mwisho, hesabu. Hapa Husuni Kubwa inatusaidia. Katika jumba lile kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Tunakwenda kulitazama bila ya kuligusa, kisha tukirudi pwani tunachora mfano wake mchangani. Mtoto huanzia pembe ya kwanza, akatamka kipande chake silabi moja katika kila pembe. Akiishia pembe ya saba, amepungukiwa. Akirejea pembe ya kwanza, amezidisha. Wenzake humcheka kidogo, naye hubadilisha neno, akazunguka tena. Nimewaona wakifanya hivyo hadi giza linaingia, jambo ambalo sikuliona hata siku moja darasani kwangu kwa miaka yote ya kuandika kanuni ubaoni.

Deni

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuziimarisha kuta, yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Ni jambo la kushukuru. Lakini mshororo wa mtoto ukibomoka, hakuna orodha unakoandikwa. Unaweza kubomolewa na neno moja la wino mwekundu, na hakuna atakayejua kuwa palikuwa na jengo.

Ninyi malenga mnaosoma makala haya, nawaomba jambo moja. Tungeni mashairi mafupi ya mwezi kwa ajili ya watoto, yenye vipande vyepesi na viitikio vinavyoimbika, na msiandike mwezi wa vitabuni. Andikeni mwezi wa bamvua na wa maji mafu, mwezi wa kuchokoa pweza, mwezi uliolala chali. Mtoto ataiga mtakachompa. Mpeni kitu ambacho macho yake yanaweza kukithibitisha jioni ile ile.

Nami kwa upande wangu nimejaribu kulipa deni kwa kuukamilisha mshororo ule ulioachwa peke yake. Nimeugeuza kidogo tu, ili pumzi ikate mahali pake. Maana yake si yangu. Ni ya mtoto niliyempa sifuri.

Ikiwaka mbalamwezi, baba hulala nyumbani,
Nyavu hazifanyi kazi, taa iko ukutani,
Mama akosa mchuzi, maji matupu chunguni,
Giza lije siku hizi, baba ende baharini.

Watoto wa kisiwani wameuhifadhi ubeti huu. Nilipowaghania mara ya kwanza, hakuna aliyeniuliza kwa nini mtu aombe giza. Mmoja wao, binti wa miaka tisa hivi, alikuwa akihesabu kwa vidole tangu mshororo wa kwanza. Alipomaliza alisema kuwa mizani imetimia, ila nimesahau jambo: baba akiwa nyumbani, hushona nyavu huku akiwasimulia hadithi. Nikamwambia hilo ni la ubeti wa pili, na ubeti wa pili ni wake.